Paji la Burito, Kidevu cha Adventina

Machi 3

Mvua imetishia tangu asubuhi, halafu ikaondoka kuelekea ziwani bila kutuangushia tone. Mawingu ya Butiama siku hizi yamejifunza kuahidi kama wagombea.

Adventina amerudi shuleni analia. Kidato cha kwanza wamempa jina. Wanamwita Droo, kwa sababu taya lake la chini limetoka mbele kama droo ambayo mtu kaivuta akasahau kuirudisha. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na madarasa mengi yalinipa majina, mengine yalikuwa na akili ndani yake. Hili halina. Nimemwambia afute machozi, ugali unapoa. Mama yake, Rhobi, badala ya kupakua, akaanza kulia naye. Nyumba hii ina wanawake watatu na wawili ni mabomba. Nimepakua mwenyewe.

Machi 5, Jumatano ya Majivu

Padre kanipaka majivu huku anatazama ukuta. Hajui aniweke fungu gani. Mimi ni mjane wa Magige, na papo hapo ni mume wa Rhobi.

Magige alifariki hatujapata mtoto. Kwetu mjane wa namna hiyo anaruhusiwa kuoa mke, nyumba ntobhu, ili nyumba isife. Nilitoa ng'ombe nikamuoa Rhobi, mtu mzima aliyekuwa amekimbia kipigo cha mume wake wa kwanza, naye akamzaa Adventina kwa jina la Magige. Mwanamume aliyesaidia hatajwi, hakai, hadai. Mtoto ni wa nyumba. Ananiita Bibi, lakini siku ya mahari yake nitakaa mimi kwenye kiti cha baba. Ni mambo rahisi kabisa. Padre amesoma mpaka Roma na bado hayamwingii.

Machi 10

Shuleni amekuja daktari wa meno, Ephraim, kijana mwenye viatu vilivyochongoka. Ana kliniki Musoma, maeneo ya Kamunyonge, na anasomea shahada ya juu. Anazunguka Musoma, Bunda na huku kwetu akichungulia midomo ya watoto waliobalehe. Ametueleza wazazi kwamba ndani ya mfupa wa paji la uso kuna chumba cha hewa, kinaitwa sainasi, na kwamba kwa wengine ni kikubwa, kwa wengine kidogo. Anataka kujua kama wenye chumba kikubwa ndio wenye taya lililotoka mbele. Nikamuuliza wenzake wanasemaje. Akasema wengine wanasema ndiyo, wengine wanasema hapana. Hapo nikajua ni usomi wa kweli.

Amemchagua Adventina. Picha na matibabu ni bure. Vitu vya bure huwa naviogopa, lakini hilo jina la Droo limeshafika mpaka kisimani, kwa hiyo tutakwenda.

Machi 14

Musoma. Tulikaa kwenye benchi la kliniki mpaka miguu ikafa ganzi, kwa sababu daktari aliyetuita saa tatu alifika ananukia chai ya saa nne.

Alimpiga Adventina picha ya eksirei ya ubavuni, kichwa kimebanwa kwa vijiti viwili masikioni, kisha akatuonyesha kwenye kompyuta. Juu ya pua, ndani ya paji, kulikuwa na doa jeusi lenye umbo la ganda la karanga.

“Hiki ndicho chumba cha hewa,” akasema. “Kwa umri wake ni kikubwa sana.”

“Kwa hiyo kichwa changu kina hewa?” Adventina akauliza.

“Kila kichwa kina hewa.”

Lilikuwa jambo la kwanza alilosema nikakubaliana nalo. Kisha akanigeukia mimi, maana Rhobi ukimtazama unaona hayupo.

“Mwalimu, taya kama hili lina njia mbili. Kama ni la ukoo, litaendelea kutoka mpaka mtoto akomae. Hapo mkanda hausaidii, ni kumtesa tu. Tunasubiri afike miaka kumi na minane, anafanyiwa operesheni mara moja, basi. Lakini kama si la ukoo, tunamfunga mkanda wa kidevu sasa hivi, mifupa ikiwa bado laini, tunalizuia. Hii sainasi inanitia wasiwasi, ila peke yake haitoshi. Nataka kumuona baba yake.”

Rhobi akatazama sakafu.

“Baba yake ni Magige, alishafariki,” nikasema, nikatoa picha ya Magige kwenye pochi. Kidevu cha Magige kimenyooka kama rula, Mungu amrehemu. Daktari akaitazama, akaisogeza kwenye mwanga.

“Alikuwa na ndugu wa tumbo moja?”

“Yupo. Anaitwa Burito.”

“Mleteni.”

Sikudanganya. Kila neno nililosema, wazee wote wa ukoo wangeliapia. Kama daktari alitaka habari za kitandani, angeuliza za kitandani. Tuliporudi Rhobi alitaka kusema kitu, nikamtuma akafunge mbuzi.

Machi 19

Nimemtoa Burito kwake Nyegina. Shemeji yangu huyu hajawahi kutembea hatua moja bila kudai kitu. Kwanza alitaka soda, kisha alitaka kujua kama eksirei inamaliza nguvu za kiume, na tukiwa mjini alitaka sangara wa kupeleka kwake. Yuko sabini na ushee. Hizo nguvu sijui anamtunzia nani.

Alipigwa picha. Daktari alitafuta na kutafuta, akavuta picha karibu, mwishoni akaonyesha kidoa kama punje ya ulezi. Paji la Burito karibu lote ni mfupa. Siku nyingi nimejua kwamba ndani hakuna kitu, lakini nilidhani walau hewa ingekuwemo.

“Mimi ni mfupa mtupu, shemeji,” Burito akaniambia, kifua mbele. “Ndiyo maana kichwa hakiniumagi.”

Taya lake limenyooka. La Magige kwenye picha limenyooka. La Rhobi limenyooka. Daktari akapiga mstari kwa kalamu na kutangaza kwamba taya la Adventina si la ukoo, na kwamba sainasi yake kubwa ni ya bahati tu, moja ya zile zinazoharibu mahesabu ya wasomi. Tumepangiwa mkanda.

Rhobi hakusema neno njia nzima. Burito alisema ya wote watatu.

Machi 21

Mkanda ni kofia ya mikanda kichwani, na kikombe cha plastiki kinachoshika kidevu na kukivuta nyuma kwa mipira. Auvae akitoka shule mpaka asubuhi. Adventina alijitazama kwenye kioo cha kliniki akacheka. Ana moyo mzuri huyu mtoto. Sijui kautoa wapi, kwa watu wanaomzunguka.

Machi 24

Mvua, hatimaye.

Machi 25

Mvua. Mkanda.

Machi 26

Mvua. Mkanda. Kuku wawili wamekufa. Jirani yangu Jenoveva amekuja kutuambia kwamba mkanda ule unafanana na hatamu ya punda. Nimemuuliza amewahi kumiliki punda wapi.

Aprili 2

Palizi. Rhobi anapalilia kama anabembeleza magugu yasikasirike. Nilimwonyesha jinsi ya kushika jembe, kama nilivyomwonyesha mwaka jana, na mwaka juzi.

Aprili 7

Leo nimekwenda Bunda msibani, na ningetamani nisingekwenda.

Wenceslaus, yule asiyetajwa, ana mashine za kusaga tatu sasa, na tumbo. Alikaa upande wa wanaume, na kila alipogeuka niliona kidevu cha Adventina kikitafuna nyama ya msiba. Nilimchagua mwenyewe, enzi zile. Alikuwa mrefu, hanywi, amemaliza kidato cha nne kwa daraja la pili. Nilimkagua kama mtu anavyokagua dume la kuazima. Kidevu nilikiona. Nilidhani ni kidevu tu. Alikubali masharti, akaondoka, na hajakanyaga kwangu tena.

Tatizo ni kwamba mke wake wa ndoa hakujaaliwa mtoto. Mwanamke mmoja jikoni akanong'ona, tena makusudi nimsikie, kwamba Wenceslaus anaulizia habari za binti mmoja wa Butiama, na ameshazungumza na wakili. Mahakama siku hizi zinasikiliza damu kuliko ng'ombe.

Alinisalimia wakati wa kuondoka. “Shikamoo Mwalimu. Nyumbani hawajambo?” Nikamwambia marahaba, hawajambo, nikapanda gari. Nimeishi na dharau maisha yangu yote na imenitosha kwa mambo mengi, lakini leo haikutosha. Naogopa. Adventina akichukuliwa, mimi na Magige tumekufa, na nyumba hii itabaki ya Burito na paji lake.

Aprili 13, Matawi

Mvua. Adventina amekwenda kanisani bila mkanda. Wale akina mama wa kwaya, ambao kuimba hawajui lakini kutazama wanajua, walimtazama mpaka wimbo ukawapotea.

Aprili 16

Kidevu kimechubuka. Plastiki inakusanya jasho, na unyevunyevu huu haukaushi kitu. Nimempaka mafuta, nikamfunga tena.

Aprili 22

Leo nimemkuta Rhobi amemlegezea mtoto mipira.

“Nani amekuruhusu?”

“Mama, anaumiaga. Muone alivyo.”

“Kilichokuleta hapa si udaktari.”

Akasimama. Kwa kawaida Rhobi ukimkemea huinama akatafuta kitu cha kuokota, hata kama hakuna. Leo hakuinama.

“Mama, hili taya wewe unajua lilikotoka. Na mimi najua. Daktari peke yake ndiye hajui.”

Nikamwambia anyamaze. Nikakaza mipira mwenyewe, na Adventina alinisaidia kwa kuinua nywele zake, akidhani namtendea wema.

Mei 5

Mvua imebomoa ukuta wa choo. Fundi Alfonsi amekuja, ametazama, amesema “duh”, ameondoka. Huo ndio ufundi wetu.

Mei 9

Kliniki. Daktari amepima upya. Taya halikurudi. Limezidi kutoka.

Alikuna kichwa, akafungua picha ya Machi, akafungua ya leo, akakuna tena. Angeweza kujiuliza kama yeye ndiye amekosea. Wasomi wana njia fupi zaidi.

“Huyu mtoto havai mkanda,” akasema.

“Anavaaga,” Rhobi akasema kwa sauti ndogo.

“Mama, mifupa haidanganyi. Familia yote ina mataya yaliyonyooka, sainasi ndogo, kila kitu. Mkanda ungevaliwa, taya lingeshika adabu.” Kisha akamgeukia Adventina, akamkemea mbele ya nesi na wagonjwa wawili, kwamba ni mtoto mkaidi, kwamba wenzake wanatamani nafasi hiyo, kwamba anampotezea muda.

Kidonda kilikuwa kwenye kidevu, kinaonekana. Adventina alinitazama mimi. Alisubiri niseme kitu, maana mimi ni mtu wa kusema. Nimewasema wakaguzi wa elimu, nimewasema madiwani, nimemsema padre sakristiani mpaka akavaa kanzu kinyumenyume.

Nikafunga vifungo vya koti.

Mvua ilitunyeshea kutoka kliniki mpaka stendi. Nimemdharau daktari njia nzima, kwa bidii, na haikusaidia. Niliona aibu, na bado ninayo ninavyoandika.

Mei 12

Mkanda. Mipira mipya, migumu zaidi.

Mei 17

Adventina anakula uji tu. Kutafuna kunamuuma. Burito amepita, amemkuta na uji, akala nyama yake.

Mei 21

Mtoto alikaa chini ya picha ya Magige ukutani akiikagua.

“Bibi, kidevu changu ni cha nani?”

“Cha kwako. Kanawe mikono.”

Akaenda kunawa. Nimefundisha watoto wa wilaya hii miaka yote nikiwaambia hakuna swali la kipumbavu, kuna majibu ya kipumbavu. Leo nimetoa moja.

Mei 28

Mvua inapungua. Mtama umesimama vizuri. Adventina hajaenda shule wiki hii, anasema kichwa. Sikumlazimisha.

Juni 4

Rhobi aliondoka asubuhi kwenda mnadani, akarudi jioni bila kununua kitu. Viatu vilikuwa na vumbi jeusi la barabara ya Bunda. Sikumuuliza. Niliogopa atanijibu.

Juni 9

Amenijibu bila kuulizwa. Nilikuwa nachambua maharage.

“Mama, keshokutwa tunaenda Musoma. Nimemuita.”

“Nani?”

“Unamjua.”

Nilisema mengi. Nilisema kuhusu ng'ombe niliotoa, kuhusu mume aliyemvunja mkono na nani aliyempokea, kuhusu wakili wa Wenceslaus na mashine zake tatu. Nikamwambia nitamrudisha kwao kesho asubuhi. Sauti yangu ilifika kwa Jenoveva, maana nilimuona amesimama uani kwake ameshika ufagio bila kufagia.

Rhobi alisubiri nimalize.

“Nirudishe,” akasema. “Ila baada ya daktari. Mama, Adventina haliagi tena. Umeona? Alikuwaga analia, ukawa unamgombeza. Sasa anavaa lile dude, anakaa tu. Mimi niliwahi kukaa hivyo, kule nilikotoka.”

Nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na mitano nikidhani ni mjinga. Ugali wake bado ni mbichi katikati. Lakini alichokifanya Rhobi mimi sikuthubutu kukifanya, nami ndiye ninayejiita kichwa cha nyumba.

Juni 11

Nilikwenda. Sikuwa na nia ya kusaidia. Nilikwenda kuhakikisha kwamba wakimchukua, watamchukua mbele ya macho yangu.

Wenceslaus alikuwa ameshafika, na suti, na boksi la viatu vya kike chini ya kwapa. Nilikataa kuingia. Nikakaa kwenye benchi la nje na mwavuli wangu, ingawa jua lilikuwa linawaka, katikati ya mzee mmoja wa Mugango aliyeshika shavu na wanafunzi wawili waliokuwa wanacheka kitu kwenye simu. Mlango wa daktari ulivimba kwa masika na haufungi mpaka mwisho, kwa hiyo nilisikia yote.

Kwanza hakukuwa na sauti. Daktari alitazama kidevu kimoja, nadhani, kisha akatazama cha pili, na kimya kile kilikuwa kirefu mpaka mimi huku nje nikaona aibu kwa niaba yake. Hakuwa na haja ya eksirei. Akaipiga hata hivyo, maana bila mashine hawa hawaamini hata mvua. Nikasikia anavuta pumzi. Chumba cha hewa cha Wenceslaus ni kikubwa, umbo lile lile la ganda la karanga.

“Niliwaambia,” daktari akasema. “Mimi hii sainasi tangu Machi ilinitia wasiwasi.”

Yaani ndivyo alivyokumbuka. Baada ya hapo alifanya jambo moja la maana. Alimvua Adventina mkanda. Akasema haukuwa na kazi tangu mwanzo, kwamba taya hili litakwenda linakotaka kwenda, na wakati ukifika litarekebishwa kwa operesheni. Mpaka wakati huo, mtoto aachwe ale. Akamuomba Adventina samahani, kwa ufupi, kama mtu anayelipa faini. Nilisikia mikanda ikianguka mezani, na nikasikia Rhobi akilia, bomba lile. Sikuwa na hamu ya kumkemea.

“Sasa, mzee,” daktari akasema, “nikuandike nani wa mtoto?”

Kiti kikasogea. Wenceslaus akakohoa kile kikohozi cha wanaume wanaotaka kusema jambo walilolifanyia mazoezi. Boksi la viatu likawekwa mezani. Mimi nilishika mwavuli kwa mikono miwili.

“Mimi, daktari, kwa kweli, ndiye...”

“Huyu ni mgeni wa mama,” Adventina akasema.

Kidevu kilikuwa huru na sauti ilitoka safi. Sikuwa nimeisikia hivyo tangu mvua ianze.

“Amekuja kutusaidia kwenye picha. Tunamshukuru. Baba yangu yuko nje, kwenye benchi.”

“Baba yako si alishafariki?”

“Yuko nje, daktari. Amenuna. Mwambie aingie.”

Mlango ukavutwa, ukagoma, ukavutwa tena. Daktari akatoa kichwa, akatazama benchi kutoka mwanzo mpaka mwisho, akamkazia macho mzee wa Mugango.

“Baba Adventina?”

Mzee, shavu mkononi, akatikisa kichwa kukataa.

Nikaegemeza mwavuli ukutani, nikasimama.